Si Fundi Lwanga, Dada

Mpendwa Dada Nabukenya,

Barua yako ilinifikia Jumanne, shangazi yangu aliporudi kutoka Nairobi. Nimeisoma mpaka mikunjo yake imeanza kuchanika. Unajua mimi si mtu wa kusema. Hata darasani mwalimu aliponiuliza, jibu nililisikia kichwani huku mdomo umefumba. Kwa hiyo nivumilie nikizunguka kidogo kabla sijafika kwenye swali lako.

Kwa macho tu, mtaa wetu wa Bukoto haujabadilika tangu mkimbilie Nairobi. Nyumba zimesimama vilevile, kila moja na ua wake na migomba yake nyuma. Asubuhi watu wanafagia vumbi jekundu mbele ya milango. Lakini salamu zimekwisha. Zamani kutoka kwetu hadi dukani ilikuwa safari ya nusu saa, kwa sababu kila ua ulikuwa na mtu wa kuuliza mmeamkaje, mama hajambo, kuku wametaga? Sasa nafika kwa dakika tano, na dukani hakuna chumvi.

Unakumbuka ule upenyo wa uani, kati ya jiko lenu na letu? Siku ya Idi mama yangu alipitisha mandazi, mama yako akirudisha ndizi za matooke zilizofungwa kwa majani ya mgomba. Wewe ulipita mzima mzima, kichwa kwanza, ukiniita nije unisuke. Ulinivuta nywele mpaka machozi, halafu ukasema, "Lia kwa sauti basi, angalau leo tukusikie!"

Ni wewe uliyenitetea watoto wa njia ya juu waliponiita Muswayiri, yaani Mswahili. Babu yangu alikuja na wafanyabiashara wa pwani, akaoa hapa, akazikwa hapa, na nyumbani kwetu bado tunasema Kiswahili. Watoto walisema hiyo ni lugha ya askari. Ulisimama katikati ya njia, mikono kiunoni: "Huyu ndiye askari? Huyu anayeogopa kuku?" Wakacheka, nami nikacheka. Na baba yako, Taata, kila nilipopiga magoti kumsalimu kwa Kiganda, alinijibu kwa Kiswahili chake: "Habari ya reo, binti? Masomo je?" Hakuna mtu mzima mwingine pale mtaani aliyejisumbua hivyo kwa ajili yangu.

Sasa swali lako. Umeandika kwamba mama yako ana hakika ni Fundi Lwanga, mshonaji wa kanzu, aliyewaonyesha nyumba yenu wale watu waliomchukua Taata, kwa kuwa aligombana naye juu ya mpaka wa shamba. Umesema mama amewaandikia ndugu zenu wote wasimpe kazi tena wala wasiitikie salamu yake. Kisha ukaniuliza, "Wewe uliyekuwepo, uliona nini?"

Dada, ilikuwa Jumamosi mchana. Ninyi mlikwenda Mengo harusini, Taata akabaki apalilie kabla ya mvua. Nilikwenda bombani na debe. Wanawake walikuwa sita au saba, mke wa Lwanga akiwa mmoja wao. Gari jeupe likasimama, wakashuka wanaume wawili wenye mashati ya maua na miwani myeusi, kama wanavyovaa watu wa usalama wa serikali. Mmoja akauliza kwa Kiswahili nyumba ya mpima ardhi, yaani Taata, ni ipi. Wanawake wote wakatazama maji. Mke wa Lwanga akasema, "Tetumanyi Luswayiri, ssebo." Hatujui Kiswahili, bwana. Na ni wanawake hao hao ambao kila wiki hununua samaki sokoni kwa Kiswahili, tena kwa kubishana bei!

Mtaa mzima ulikuwa umejifunza kujilinda hivyo. Mimi sikuwa nimejifunza. Kwetu, mtu mzima akikuuliza jambo kwa lugha ya nyumbani, unaweka chini ulichobeba, unaamkia, unajibu. Niliweka debe chini. Nilisema, "Shikamoo." Nikaonyesha kwa mkono wote, si kwa kidole, kwa adabu: ile yenye mlango wa kijani.

Walikwenda, wakagonga, wakarudi. Mlango ulikuwa umefungwa. Wangeondoka, Dada. Mmoja alikwisha kuingia garini. Ndipo mimi, msichana asiyesema, nikasema bila kuulizwa: "Yupo nyuma, anapalilia migomba. Piteni upande wa jikoni, atawasikia."

Yule mwanamume alinishukuru. Alisema, "Umelelewa vizuri."

Taata alitoka akiwa na udongo mikononi. Aliomba anawe, wakakataa. Alipita karibu nami akaniambia kwa Kiganda, taratibu kabisa, "Ingia ndani kwenu, mwanangu." Wakamtia kwenye buti ya gari, na hajaonekana tena. Mke wa Lwanga alilijaza debe langu, akalibeba mwenyewe mpaka mlangoni kwetu.

Hakuna hata mmoja wa wanawake wale aliyenitaja, mpaka leo. Mama yangu anajua, na amenikataza kukuandikia. "Wameshaumia," alisema. "Unataka kuwaongezea?" Nyumbani kwenu sasa anakaa mwanajeshi mmoja na mkewe. Sijui kama anajua nyumba ilipatikanaje. Upenyo wameuziba kwa mabati. Shule nimemaliza, nashinda ndani, na mtu akigonga mlango namwacha mama aitikie.

Lakini barua yako sikuweza kukaa nayo. Jana nilikwenda kwa Fundi Lwanga. Alikuwa barazani na cherehani yake, akishona mfuko wa shati lake mwenyewe, kuukuu, kwa sababu hakuna aliyemletea kitambaa. Nilipiga magoti, nikamuuliza kama anajua yanayosemwa juu yake.

"Najua."

"Mbona husemi, Mzee?"

"Niseme nini? Niseme ni wewe?" Alikata uzi kwa meno. "Una miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Mimi nina hamsini na tisa. Jambo hili liache likae kwangu, mtoto. Kwako litakaa muda mrefu mno."

Akarudi kwenye mfuko wake. Nilipofika nyumbani nilichukua karatasi.

Sitaki likae kwake, Dada. Mwambie mama yako: aliyewaonyesha nyumba ni Zuhura, na aliyewaambia Taata yuko nyuma ni Zuhura. Mwombe awaandikie ndugu zenu barua nyingine, upesi, maana mzee yule sasa anaishi kwa vitu ambavyo mkewe huvileta kutoka kwa ndugu zake. Mimi siwaombi msamaha. Huo ni wenu, na sitauulizia katika barua yoyote. Ninamkumbuka Taata kila siku, nawe nakukumbuka hata katika siku ambazo najitahidi nisikukumbuke.

Kaa salama huko. Mvike mama yako sweta, nasikia Nairobi ni baridi. Na zile salamu mlizomnyima Fundi Lwanga, mrudishieni yeye, mninyime mimi.

Ni mimi, mdogo wako wa nyumba ya pili,
Zuhura