Usivifute Vituo vya Nyanya Yako

Mjukuu wangu Kendi,

"Noti ikichelewa ni kosa, irekebishwe." Ndivyo asemavyo fundi wako wa piano inayojipiga yenyewe, na amekosea kabisa. Hapa Githongo kahawa imechanua. Mimi ni mzima, ila nyumba imenyamaza tangu tumzike nyanya yako.

Unauliza kama uvifute vituo alivyoweka nyanya yako kabla ya kila ubeti wa wimbo katika faili ya MIDI, ile rekodi ya mibonyezo ya vidole vyake uliyoichukua akipiga kinanda. Ujanani, alipokuwa akipiga kinanda kanisani, nilimuuliza mbona anachelewa kuanza ubeti.

"Nyamaza wewe," akaninong'oneza. "Wazee hawajasimama."

Noti hafifu ziongezee nguvu, nyundo za piano zifikie nyuzi. Vituo usiviguse. Siku hizi hata mimi nasimama polepole. Piano ikianza, nipigie simu, nimsikie akiningoja.

Babu yako