Fundi wa Shati Kavu

Tarehe 6 Januari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje, na yale magoti? Mama je, na jirani yake yule asiyeishiwa habari? Mimi nimefika salama na ni mzima, ukiacha midomo, ambayo nitakueleza. Ningekupigia, lakini masikio yako na simu hayajapatana tangu siku ya kwanza, utaishia kuniitikia "eee" kwa kila neno. Basi keti kwenye mwanga usome.

Baba, joto la huku na la kwetu hata undugu hayana. Kwetu ukifungua mlango asubuhi, fukuto linakukumbatia kama shangazi aliyekukosa mwaka mzima, na halikuachii mpaka ulale. Nguo inakung'ang'ania mgongoni, shuka halikauki sawasawa, chumvi jikoni inaganda koponi. Huku nilipoteremka kwenye basi nilihisi nimefunuliwa tanuri usoni. Nikasubiri jasho, halikuja. Nikasogea kwenye kivuli cha ukuta, na hapo sikuamini: baridi! Kwetu jua na kivuli vinatofautiana rangi tu, huku hatua moja inakutoa motoni. Nimefua mashati mawili, na kabla sijamaliza kukamua la pili, la kwanza lilikuwa limekauka, limekakamaa utadhani limetiwa wanga. Midomo ndiyo imepasuka. Nikicheka inauma, kwa hiyo nachagua vichekesho.

Kazi ni ya shule mpya. Msimamizi ni mtu wa maneno machache. Amenipa darasa dogo la mwisho nilipige lipu peke yangu, na likitoka vizuri atanikabidhi ukuta mkubwa wa ukumbi, unaotazamana na mlango, ambao kila aingiaye lazima auone. Baba, nikiupiga ule ukuta ukakubali, utaacha kuniita saidia? Nimekuchanganyia mchanga na saruji tangu nina meno ya utoto, na hujaniita fundi hata kwa kuteleza ulimi.

Kuna fundi mwenyeji wanamwita Mzee Gunia. Akimaliza ukuta anaziba madirisha kwa mbao, kisha anautundikia magunia yaliyoloweshwa. Nadhani anaionea haya kazi yake. Aliponishauri nifanye kama yeye nilimwambia kwa heshima kwamba mimi ni mtoto wa fundi. Nimefungua madirisha yote na mlango, kama ulivyonifunza, ukuta upumue.

Binti yako


Tarehe 15 Januari

Mwanangu, saidia wangu,

Marahaba. Kifua kimetulia. Magoti ndiyo yanatoa hotuba kila nikiinuka. Mama yako anakusalimu sana. Ile ya shangazi imemchekesha, ila anataka kujua ni shangazi yupi, maana dada zangu wote anawajua.

Sasa nisikilize. Joto ni joto. Jua ni lile lile moja, hakuna aliyeletewa la peke yake. Unaniandikia kwamba unafanya kazi kutwa na shati kavu, na hujui kwamba unajichongea? Fundi ni shati. Jioni ukilikamua lisipotoa maji, hukufanya kazi siku hiyo, ulikwenda kuisalimia kazi. Maneno haya niliyapokea kwa fundi wangu, na wewe umeyapokea kwangu.

Madirisha yaache wazi. Ukuta wa kufungiwa huota ukungu na rangi hubabuka kabla mwenye nyumba hajahamia. Huyo Gunia mwache na magunia yake. Na hilo la kuitwa fundi, ukuta ndio utakaosema, si mimi. Mpaka hapo wewe ni saidia wangu niliyekuazima kwa watu.

Baba yako na fundi wako


Tarehe 27 Januari

Baba,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo. Mimi nina afya, moyo ndio mgonjwa.

Darasa limepasuka. Niliacha kuta zimenyooka, pima maji haikuwa na la kusema. Asubuhi nikazikuta zina nyufa nyembamba kila mahali, na nikigonga kwa kidole baadhi ya sehemu zinalia kitupu, lipu imejitenga na tofali. Nilibandua yote, nikapiga upya, nikafungua madirisha mapana zaidi. Zikapasuka mapema zaidi. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimejenga ukuta, ukanizalia nyufa.

Msimamizi aliingia, akapitisha kiganja ukutani, vumbi likamwagika. Akasema, "Binti, ukuta wa ukumbi utaupata, kwa sababu mkono wako nimeuona. Lakini huo ukipasuka, siku hiyo hiyo ukate tiketi ya kurudi."

Baba, nikirudi hivyo, kwako nitakuwa saidia mpaka nizeeke. Niambie nakosea wapi. Naanza ukumbi baada ya wiki mbili.

Binti yako


Tarehe 5 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Habari zako nilizisoma nikashindwa kumaliza chai. Mama yako anasema urudi tu nyumbani, mimi nasema hapana. Ukiyavulia nguo maji, huna budi kuyaoga.

Kosa nimeliona. Mchanganyiko wako una maji mengi, ndiyo maana ukuta unapasuka unapoyatoa. Punguza maji. Madirisha fungua yote, na kama kuna feni, waombe. Na nakukataza, sikia vizuri, nakukataza kuuvika ukuta gunia. Ukuta si mgonjwa wa homa. Nimepiga lipu nyumba nyingi katika mji huu na hakuna hata moja iliyovaa nguo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Usinitie aibu.

Baba yako na fundi wako


Tarehe 24 Februari

Baba yangu,

Shikamoo, tena shikamoo ya magoti yote mawili, maana leo naihitaji radhi yako. Mko salama? Mimi ni mzima kupita kiasi.

Sikukusikiliza. Soma hadi mwisho kabla hujaitupa barua.

Siku moja kabla ya kuanza ukumbi nilikuwa jukwaani nikipima ukuta kwa timazi. Kichwa kikaniuma, macho yakaingia giza, nikashika nguzo. Mzee Gunia akanishusha na kunikalisha kivulini.

"Umekunywa maji leo?"

"Sina kiu, mzee. Wala sijatoka jasho."

Akacheka mpaka akakohoa. Akanishika ukosi wa shati, akanigeuzia nione. Ulikuwa mweupe kwa mistari ya chumvi, mgongoni nako vivyo hivyo.

"Hujatoka jasho? Na hii chumvi umeinunua wapi?"

Baba, nilikuwa natoka jasho kutwa nzima! Kwetu hewa imeshiba maji, jasho letu haina pa kuliweka, ndiyo maana linabaki mgongoni na shati linalowa. Hewa ya huku ina kiu. Inalichukua likiwa bado mlangoni mwa ngozi, hata hulioni likitoka. Imekunywa midomo yangu, imekunywa mashati yangu kwenye kamba. Nikainua macho nikatazama tofali za ukumbi, na nilitaka kujipiga kofi. Ndiyo iliyokunywa darasa langu. Mimi nilikuwa naifungulia madirisha, karibu mgeni, maji ya ukuta haya hapa! Lipu ilikauka juu kabla haijapata nguvu ndani.

Barua yako ilikuwa mfukoni. Nilijua nikiifuata ukuta utapasuka, na nikiiacha nitakuwa nimemvunjia heshima baba yangu. Nililia kidogo, na machozi yenyewe hayakufika kidevuni.

Kisha nikapiga moyo konde. Nikaziba madirisha kwa mbao. Nikanywesha tofali jioni, nikazinywesha tena alfajiri, zikawa zinafyonza kwa sauti. Nikapiga lipu kutoka juu hadi chini bila kusimama. Ilipoanza kushika nikamfuata Mzee Gunia, nikamwomba radhi na magunia. Akanipa vyote viwili. Wiki nzima nilikuwa nayalowesha asubuhi, mchana na jioni, na ndani ya ukumbi kukawa na joto lenye unyevu, Baba, fukuto kamili. Nilisimama humo nikanusa nyumbani. Jasho likanishuka mgongoni, nikacheka mwenyewe. Nilikuwa nimeutengenezea ukuta hewa ya kwetu.

Jana msimamizi alishusha magunia mbele ya mafundi wote. Hakuna ufa. Hata mmoja! Akagonga huku na kule, ukuta ukajibu sauti moja nzito, hakuna kitupu. Akasema, "Zahanati ya jirani inaanza mwezi ujao. Kuta zote ni zako, na timu ni yako." Mafundi wakapiga ndoo kwa miiko mpaka majirani wakatoka kuuliza kuna nini.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ninayo yote mawili, mazima, na nimecheza nayo. Lakini bila neno lako ushindi una chumvi pungufu. Ukumbi unafunguliwa tarehe 28 Machi. Njoo uone.

Binti yako


Tarehe 16 Machi

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Nimemuuliza dereva wa basi anayetubebea barua, anaapa alikupa barua mkononi na ukaisomea hapo hapo, umesimama. Basi najua imekufika, na kimya ndicho jibu.

Kama umekasirika, kasirika ukiwa unakuja. Nimekuwekea kiti mstari wa mbele.

Binti yako


Tarehe 4 Aprili

Mwanangu,

Nimefika nyumbani salama. Magoti yananuna, kifua kinapumua. Mama yako anasema asante kwa kitambaa ulichonipa nimletee, na habari zako amekwishampa jirani, kwa hiyo mji mzima unazo.

Mengi sikukuambia nilipokuwa huko, maana mdomo wangu mzito kuliko mkono. Siku ya ufunguzi uliniona nimeingia na wageni, kumbe nilifika tangu asubuhi. Nilitaka niuone ukuta kabla haujapambwa kwa maneno ya watu. Nikaugonga kwa kidole kuanzia pembe ya kushoto hadi ya kulia, chini na juu nilikoweza kufika. Mlinzi akanijia, "Mzee, unamtafuta nani?" Nikamjibu, "Natafuta ufa." Akasema, "Wa hapo kila mtu ameutafuta." Nilikwenda nyuma ya ukumbi nikasimama peke yangu mpaka macho yakatulia. Kimya changu hakikuwa hasira. Nilikuwa nimekukataza kitu kilichokuokoa, na sikujua barua ya namna hiyo huanza vipi.

Siku ya pili uliponipeleka zahanati na kunipa mwiko, nilifanya kazi hadi jua linazama, nikavua shati nikalikamua. Tone hakuna. Uliniona nimekasirika, ukageuka ili nisione unacheka. Halafu nikauona ule weupe ukosini. Nikaulamba, usimwambie mama yako. Chumvi kweli.

Sasa sikia mwisho wake. Basi liliposhuka huku kwetu, madirisha yote wazi, fukuto likatuingilia. Nimekaa kwenye kiti, nimekunja mikono, sijainua hata kijiko, na shati likalowa hadi kiunoni. Nikatazama abiria wenzangu, wote wanachuruzika. Kwa kipimo changu, basi zima lilikuwa la mafundi. Nilicheka peke yangu mpaka kondakta akaniuliza kama naumwa.

Nimekwenda barazani kwa wenzangu na lile shati la zahanati. Nimekataza lisifuliwe, limetundikwa ukutani na chumvi yake. Anayeniambia fundi ni shati namwonyesha hilo, na namweleza nani aliyenifundisha kulisoma. Guu lililovunjika ni langu, mwanangu, na sijawahi kufurahia kuchechemea kama hivi.

Zahanati ina kuta nyingi, na umesema timu bado ina upungufu. Daktari anasema hewa kavu itakifaa kifua changu. Mwezi ujao nakuja na mwiko wangu. Kuchanganya mchanga na saruji bado naweza, na magunia nitalowesha mimi. Ukinikuta nimefungua dirisha, nifokee kama ninavyostahili.

Nakuaga hapa, Fundi.

Baba yako na saidia wako