Kiti cha Galina

Ohio, Marekani
Jumapili

Dada Mwanaidi,

Shikamoo dada yangu. Shikamoo nyingine mfikishie Baba, na umwambie sijasahau goti lake. Ile dawa ya kuchua aliyoletewa kutoka Usoke imemsaidia, au bado anaingia msikitini akishika ukuta? Na mahindi ya Ntalikwa mmeyavuna, au ngedere wamewatangulia tena? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Baridi ya huku nimeizoea kama mtu anavyomzoea jirani mkorofi.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Simu yenu, dada, mnaiweka sauti kubwa sebuleni, na nikisikia nyumba nzima inaniitikia, ulimi wangu unasema "mambo mazuri" kabla sijauzuia. Nina neno lisilosemeka mbele za watu. Ndiyo maana nimempa barua hii mama mmoja wa Usoke anayekuja likizo, pamoja na kanzu niliyomshonea Baba. Isome kwanza peke yako.

Ile nafasi ya fundi mkuu mliyoisomea dua, mkagawa na halua mpaka kwa wauza kahawa wa Kanyenye, niliipata kwa njia ya aibu. Kile kiti cha dirishani nilichowatumia picha yake ni cha mwanamke wa Kirusi anayeitwa Galina. Niliwaambia amestaafu. Hakustaafu, alifukuzwa, na aliyemfukuzisha ni mimi. Ngoja nikueleze tangu mwanzo.

Duka letu linarekebisha nguo: mashela ya bibi harusi, suti, makoti. Tulikuwa watatu. Msimamizi ni Nansi, Mmarekani, mwenye maneno matamu kama asali ya Sikonge. Kila asubuhi ananiuliza, "Habari yako?" na kabla sijafungua kinywa ameshapita. Wiki ya kwanza nilimfuata mpaka stoo nimweleze mafua yangu na habari za nyumbani, akanitazama kama mtu aliyekanyagwa mguu. Kila nilichoshona aliniambia, "Kazi nzuri sana!" Akaniambia pia, "Lazima siku moja uje kwetu tule pamoja." Nikanunua zawadi ya kwenda nayo, nikakaa nayo miezi. Mwishoni nikamuuliza ni siku gani. Akacheka, akasema, "Karibuni tu." Zawadi ninayo hadi leo.

Galina alikuwa kinyume chake. Mtu mzima, ametuzidi wote kwa umri na kwa ufundi, uso umefungwa kama duka siku ya Ijumaa saa ya sala. Siku moja nilimsalimia asubuhi, tukakutana tena kwenye pasi nikamsalimia tena, kama tunavyofanya sisi. Akaacha pasi. "Tumeshasalimiana leo. Umesahau?" Siku nyingine akaniambia nimenenepa. Nansi akawa mwekundu, akaniomba radhi kwa niaba yake, nami nilikuwa nimefurahi. Lakini kwenye mshono, dada, hakuwa na huruma. Alikuwa akiupitishia kidole, halafu anasema maneno mawili: "Mbaya. Fumua."

Siku iliyoharibu mambo, bwana harusi alikuja kujaribu koti lake, nami ndiye niliyelitia mikono. Nansi akasema limependeza sana. Galina akasogea, akamshika bwana harusi begani, akasema mbele yake, "Mkono umepinda. Nani kashona? Wewe? Fumua."

Mbele ya mteja. Mimi, mtoto wa nyumba iliyoshona tangu babu yetu alipofika na msafara kutoka pwani, akaona Tabora panamfaa akatua mzigo wake. Nyumba ambayo mgeni haulizwi shida yake mpaka amenawa mikono na kula. Damu ilinichemka. Na mkono, wallahi, ulikuwa umepinda.

Nikafanya tunavyofanya nyumbani. Mtu akikukosea, na ni mkubwa wako, humwendei usoni. Unatafuta mtu wa tatu, unampelekea neno, anawaita, mnakaa, mnasemezana, mnapeana mikono, mambo yanaisha. Nikaenda kwa Nansi. Nikazunguka weee, nikasema mama yule ni fundi hodari, ila maneno yake makali kidogo, atuite tukae. Nilitaka usuluhishi, dada. Hilo tu, mwanzoni.

Nansi akafunga mlango. Akanisogezea maji, akatoa karatasi akaanza kuandika. Akauliza kama kuna siku nyingine. Nikamtajia. Akasema, "Pole sana, hii si sawa kabisa," na huruma yake ikaniingia mwilini kama uji wa moto, nikamtajia na nyingine, nikatia na chumvi. Kisha akainama, akauliza polepole, "Unadhani anakusema hivyo kwa sababu wewe ni Mwafrika?"

Nilijua jibu. Galina alimsema hivyohivyo Nansi, alimsema postamani, alikuwa akilisema hata cherehani. Mtu pekee ambaye hakupambanua mweusi na mweupe mle ndani alikuwa yeye. Lakini nikainamisha macho, nikanyamaza. Najitetea kwamba kwetu kunyamaza ni adabu. Uongo, dada. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka aumie kidogo. Nansi akaandika ule ukimya wangu kama ndiyo.

Ijumaa yake pakaletwa keki na maua. Nansi akamkumbatia Galina, akasema, "Tunakushukuru kwa yote uliyotufanyia, tunakutakia kila la heri katika safari yako mpya." Nami nikadhani kweli anastaafu, nikakata kipande cha keki. Galina akasimama na mikono yake pembeni.

"Mnanifukuza?"

"Ni kwamba duka linaelekea njia nyingine, Galina. Sisi sote tunakupenda."

"Nimeuliza, mnanifukuza?"

Nansi akatabasamu huku machozi yanamlengalenga. Galina akachukua mkasi wake, akanitazama mara moja, akatoka. Keki nilikuwa nayo mdomoni. Jumatatu Nansi akanionyesha kile kiti, nami nikakaa. Jioni yake nikawapigia simu, nikasikia Baba anapiga takbira.

Ningekaa hadi leo, labda. Lakini majuma machache baadaye Nansi alikuwa akinisifu jinsi nilivyoendelea, akasema kwa furaha zake, "Unajua, mwezi wako wa pili nilitaka kukuondoa. Galina ndiye aliyekataa. Alisema mkono wako mzito lakini unasikia, na atakufundisha." Mwezi wa pili, dada. Ndio mwezi ambao kila siku aliniambia kazi nzuri sana.

Nilikwenda chooni nikakaa humo mpaka macho yakakauka. Niliporudi nikamwambia Nansi ukweli wote: kwamba yule mama huwasema watu wote sawasawa, kwamba niliongeza chumvi, kwamba nilinyamaza nikijua. Akanishika bega. "Asante kwa kuniambia. Nathamini sana uaminifu wako." Basi. Hakuna kilichobadilika, na sasa nimeshajua kwamba maneno hayo maana yake ni hapana. Simlaumu, ndivyo alivyolelewa. Hata mimi nimewaambia wateja wangapi "njoo kesho" pale barazani, nikijua kitambaa hata sijakikata?

Jumapili nikaenda kwa Galina. Nikabisha, akafungua. Nikatoa mkono wangu pale mlangoni kumwomba radhi. Akautazama, asiupokee. Nikasema moyoni, haki yangu. Mara akanikamata mkono wa koti, akanivuta ndani, ndipo akanipa mkono. Baadaye akanieleza kwamba kwao watu hawashikani mikono juu ya kizingiti. Nikamweleza yaliyopita kati yangu na Nansi.

"Ulimwambia mimi mbaguzi?"

"Aliniuliza. Nikanyamaza."

"Kwa nini hukuja kwangu?"

"Kwetu mdogo hamwambii mkubwa wake usoni. Anamtuma mtu wa tatu."

"Mtu wako wa tatu kanifukuza kazi," akasema. "Nimekukasirikia. Nitakukasirikia muda mrefu. Vua viatu, kaa, kula."

Akaniwekea chai, mkate, supu ya kiazi chekundu, akasimama juu yangu mpaka nikamaliza. Hakutabasamu hata mara moja. Nikamwambia nitaacha kile kiti. Akasema huo ni upumbavu, nikiacha atakaa mwingine na yeye hatarudi. Kisha akashika tena ule mkono wa koti langu alionivutia. Akaupitishia kidole.

"Nani kashona?"

"Mimi."

"Mbaya. Fumua."

Nikafumua, dada, pale pale mezani, yeye akinishikia taa. Nilikuwa nalia na sindano mkononi na hakuniambia nyamaza.

Sasa anashona nyumbani kwake, wateja wachache. Kila Jumapili naenda kumsaidia mapindo. Kila nikiingia namuuliza, "Bado umekasirika?" naye ananijibu, "Bado." Sijawahi kupewa jibu la kweli mara nyingi hivyo na mtu mmoja. Nitaendelea kwenda.

Nimekukumbuka sana wewe katika haya. Uliponifundisha kushona hukuwahi kuniambia mshono wangu mbaya. Nikienda kuswali alasiri ulikuwa ukifumua kazi yangu na kuishona upya, nami nikirudi nakuta vipande vya uzi sakafuni, na wewe unasema, "Rama, umejitahidi." Nilikuwa naviona vile vipande, dada. Vyote. Nilijua, nikanyamaza, nikaacha usifiwe mkono wangu kumbe ni mkono wako. Ukimya wangu haukuanzia Marekani.

Mwishowe naomba mambo mawili. Baba umsomee barua hii, usiruke pale pa chumvi. Mwambie ile dua aliyonisomea mimi aisome tena, amtaje Galina.

La pili ni kanzu. Mshono wa kwapa la kushoto umepinda, najua, na Galina ameshausema. Nimeuacha makusudi. Usiufumue kimyakimya. Nipigie simu, weka sauti kubwa sebuleni, Baba awe ameivaa, uniambie mbele ya wote.

Nisalimie shangazi na mguu wake wa safari, na mwalimu wangu wa madrasa, na shemeji fundi seremala, umwambie ule mlango alioniahidi "kesho" bado naungoja. Mama Saidi jirani aliyegawa halua umwambie nilikula keki ya mtu, atauliza maana, na wewe utamweleza.

Ni mimi mdogo wako, mwenye mkono mzito,
Ramadhani