Tonge la Bibi Zenebech

Askale, uko? Siamini macho yangu. Siamini!

Orna! Orna wetu, yule Mwisraeli wa kituo cha wahamiaji wa Kihabeshi, niliyejitolea naye miaka sita hapa Netanya!

Leo bibi Zenebech, yule mzee wa kituoni, kamlisha Orna tonge la injera, mkate wetu, kwa mkono wake mbele ya wafadhili. Orna kafumba macho, "Mmh, tamu!" Watu makofi.

Nikamfuata jikoni. Kalitema kwenye tishu! KALITEMA, Askale! Eti, "Usinitazame hivyo, kipenzi. Nani ajuaye mikono yao imeshika nini?"

Mikono yao! Na mimi Mhabeshi mwenzao, ninayemlisha Orna kwangu kila Ijumaa?

Narudi ukumbini, bibi kashika tonge la pili. "Tonge moja huleta ugomvi, mwanangu, la pili hupatanisha. Niitie rafiki yako."

Rafiki yangu!

Nikafungua mdomo nimwambie ukweli. Akanitia lile tonge.