Kila Nikifunga Skrini

Jumatatu, 14 Julai

Mhariri Elibariki kasema leo asubuhi: hali isipobadilika hadi Ijumaa, makala zangu zitachapwa na mtu mwingine. Mimi nitasimulia tu. Alisema kwa upole. Kazi hii nilimfundisha mimi. Upole wake umeniuma.

Mkono wa kulia unatetemeka tangu nilipoanguka na bodaboda Rhotia. Kidole kinagonga herufi moja mara mbili, mara tatu. Kompyuta ina mpangilio wa kupuuza hayo marudio. Ukiwa umewashwa, naandika kama zamani. Wiki ya tatu sasa, nikifunga skrini na kuinuka, nikirudi umezimika. Na kanuni ya ofisi ni kufunga skrini kila unapoinuka.

Leo nimeuwasha mara nne. Habari ya bei ya maharage ilitoka na herufi zilizojipanga kama foleni. Ofisi ilicheka. Nilicheka pia. Sikufurahi.

Jumanne, 15 Julai

Amekuja Gwandu, fundi wa kompyuta hapa Karatu. Alifunga skrini, akafungua. Mara tatu. Mpangilio ulibaki.

"Mashine nzima, mama."

"Basi mgonjwa ni mimi?"

Aliutazama mkono wangu. Akabeba begi lake.

Nikafunga skrini, nikafunika kibodi, nikaenda kunywa chai. Kurudi, umezimika. Nilitamani kuitupa kompyuta nje.

Vumbi la Julai halina adabu, kwa hiyo sote hapa hufunika kibodi kwa kitambaa. Desturi hiyo niliianzisha mimi. Juu ya changu naweka kinasa sauti cha kaseti ili upepo usikipeperushe. Kizito kama tofali. Zamani nilitembea nacho Olbalbal siku mbili, nyuma ya ng'ombe, na wafugaji waliokuwa wakitafuta maji. Habari ile niliiandika kwa kalamu, daftari likiwa gotini. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Naukumbuka mkono ule kuliko njia yenyewe.

Jumatano, 16 Julai

Nimeacha kulalamika, nimeanza kuandika kumbukumbu. Kila nikifunga skrini: saa, nilichofanya, hali niliyoikuta.

Asubuhi manyunyu. Vumbi limelala, sikufunika kibodi. Nilifunga skrini mara tatu. Mpangilio ulibaki mara zote.

Alasiri jua, upepo. Nilifunika. Umezimika.

Nimezisoma tena kumbukumbu zangu. Sijaandika hitimisho.

Alhamisi, 17 Julai

Dafrosa, mama wa Singida anayetusafishia ofisi, alisimama mezani kwangu na kitambaa chake cha kufutia.

"Mama, huyu babu yako kakalia kibodi kama kuku anaatamia. Atatotoa lini?"

Niliinama kutazama. Kona ya kinasa sauti ilikuwa imebana Shift ya kulia, kitufe cha herufi kubwa. Nikampigia Gwandu simu. Nikamweleza.

"Mama, hiyo ndiyo njia ya mkato. Ukiibana sekunde nane, mpangilio unazimika."

"Na ukiibana muda wote wa chai?"

Alicheka mpaka akakohoa. Huwa inatoa mlio ukizimika, akasema. Spika yangu ilikufa zamani.

Tumejaribu mimi na Dafrosa. Kitambaa peke yake: unabaki. Kinasa sauti katikati ya kibodi: unabaki. Kwenye kona ile: unazimika. Imethibitishwa.

Basi wiki tatu nimekuwa nikiuzima mwenyewe, kwa kitu nilichokipenda. Nimeona aibu. Kisha njaa. Nimekula wali maharage sahani mbili.

Ijumaa, 18 Julai

Makala ya maji imekamilika saa nne. Nimeichapa yote mwenyewe. Katikati nilifunga skrini, nikaenda dukani, nikarudi, nikaendelea na sentensi ileile.

Elibariki aliisoma akiwa amesimama. Alibadilisha neno moja. Alikuwa sahihi.

"Nisamehe, mama. Nilidhani ni mkono."

"Ni mkono. Ila bado unafanya kazi."

Alifuta kwenye ubao wa ratiba jina la aliyepangwa kunichapia.

Mkono utaendelea kutetemeka. Daktari wa mifupa alishasema hivyo, nami sikutaka kuliandika humu. Sasa nimeliandika.

Jioni tulivu. Baridi. Nimekunywa uji.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi gari la ofisi linaondoka kwenda Olbalbal. Ubaoni, mbele ya safari hiyo, pana jina moja. Langu.