Fundi Nusu

Jumapili, 3 Machi

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Hujambo huko? Goti lako linaendeleaje? Sisi tu wazima, ila Baba ana mafua na anayatangaza kama ugonjwa mkubwa. Naandika kwa sababu kwenye simu maneno hunikimbia.

Shangazi, nina hamu na nguo zako. Kila nikitoka shule napita mbele ya lililokuwa duka lako. Aliyelichukua amening'iniza magauni ya vimetameta, na wateja wamejaa. Mimi nasimama ng'ambo ya barabara nikikumbuka dirisha lako: gauni moja tu la kijivu, bila ua, bila lesi, bila kifungo kinachoonekana. Watu walikuita Fundi Nusu, wakauliza, "Na iliyobaki ataimalizia lini?" Mimi nilikuwa darasa la tano, nikidhani hakuna kitu kizuri zaidi duniani. Bado nadhani hivyo.

Sasa sikiliza. Dada anaolewa mwezi wa sita. Mama ameamua wanawake wote wa familia tuvae sare: satini ya zambarau, lesi kifuani, shanga mabegani. Nimesema sivai. Mama kaniuliza, "Utavaa nini, daftari?" Nikajibu nitavaa nguo ya Shangazi. Lile gauni la kijivu ulilonishonea mimi limenibana, nimerefuka. Nishonee jingine. Moja tu.

Binti wa kaka yako

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika, mwenyewe nimenyamaza. Mpe pole baba yako; tangu utotoni mafua yake ni msiba.

Gauni sitashona. Nilipofunga duka nilifunga. Hapa kiwandani kazi yangu ni zipu. Gauni linanifikia likiwa na kila kitu, natia zipu, linakwenda kwa mwenzangu. Hakuna anayeniuliza iliyobaki iko wapi. Vaa sare, mwanangu. Usigombane na wifi yangu kwa ajili ya kitambaa. Mimi niligombana naye miaka kumi, sikuambulia kitu.

Shangazi yako

28 Aprili

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nimekaa wiki sita bila kukujibu. Kwanza nilikasirika, halafu nikawa na kazi.

Nimelifumua gauni la kijivu. Lote. Usinigombeze kwanza, nilitaka kujua limeshonwaje. Ndani ya bega nimekuta vitundu vya sindano, mistari mitatu kando ya ule ulioubakiza. Ulishona ukafumua mara tatu, bega moja! Na watu walisema huna kazi.

Basi nikafuata vipande vyako, nikaongeza kila upande, nikakata shuka jeupe la kabatini, lile lenye upande mmoja tu laini. Mama alikuwa hajalikosa. Sasa amelikosa, maana nimeharibu. Nilisahau kukigeuza kipande cha mkono nilipokata mara ya pili, nimepata mikono miwili na yote ni ya kulia. Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Tafuta mtu aliyeumbwa hivyo umpe," akasema. Kisha akaleta lesi iliyobaki kwenye sare, akaniambia kwa upole, "Ziba hapo, hakuna atakayeona."

Shuka limekwisha. Zimebaki wiki saba. Kama hutaki kushona, niambie basi nifanye nini, kwa sababu lesi sitii.

Binti wa kaka yako

5 Mei

Mwanangu,

Lesi usitie! Iondoe hata mezani.

Ng'oa mikono yote miwili, usiionee huruma. Ikate iwe kanda nyembamba, tena kata mshazari, ndipo kitambaa kinapokubali kupinda. Shonea ukanda kwenye tundu la mkono, ugeuzie ndani, piga pasi kabla ya kushona mara ya pili. Nguo tupu haina pa kujificha. Ukikosea, fumua. Ukichoka, fumua kesho.

Na nikwambie jambo ambalo hata baba yako halijui. Gauni langu la mwisho lilikuwa la mwalimu mkuu mmoja aliyekuwa anastaafu. Lilinichukua mwezi mzima. Siku ya sherehe nikamkuta amelibandika maua kwa gundi, kifuani hadi kwenye pindo. Watu wakanizunguka. "Fundi, safari hii umemaliza!" Nami nikasema asante. Si maua yaliyonifungisha duka. Ni ile asante.

Shangazi yako

23 Juni

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Goti? Harusi imepita salama, Baba alilia kuliko bibi harusi.

Nililivaa lile gauni la shuka. Tundu la mkono wa kushoto nililifumua mara tano, kwa hiyo nimekushinda. Nilipotoka chumbani, mama mkubwa akasema mbele ya wote, "Msubirini huyu, bado hajavaa." Wakacheka. Akaja na ua lake na pini, akanishika bega. Mimi, ambaye darasani najibu kwa kunong'ona, nikasema, "Mama mkubwa, hapana. Limekwisha hivi."

"Ni ua tu, mwanangu."

"Limekwisha hivi."

Nikautoa mkono wake begani. Kisha, Shangazi yangu, Mama mwenyewe akamwambia dada yake, "Mwache. Limetulia." Hakunitazama.

Upande wa kushoto umepinda kidogo. Sikuuficha. Na kila aliyeniambia ningependeza zaidi kama ningeongeza kitu, sikumwambia asante.

Lakini mimi si fundi. Ni mwanafunzi mwenye mtihani wa fizikia. Nguo ninazozitaka anazijua mtu mmoja tu, naye anatia zipu. Nakataa. Sijui nakataa kwa mamlaka gani, ila nakataa. Nishonee gauni. Hii ni mara ya pili naomba, na sitachoka.

Binti wa kaka yako

14 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Jana msimamizi aliniuliza kwa nini naacha kazi. Nikamwambia nina mteja.

"Mmoja?"

"Mmoja."

Akacheka. Nikamwacha anacheka, nikaenda kuchukua mkasi wangu.

Mwambie wifi yangu nakuja Jumamosi na cherehani, asogeze meza ya sebuleni. Akikataa, nitashonea mlangoni kwake, tena na yeye nitampima.

Shangazi yako