Chungu cha Mzazi

Jumanne, Aprili 1949

Na samaki je? Mwongozo wa Serikali unataka kila nyumba ipate samaki. Labda watapanda mlima wenyewe kutoka ziwani Momela.

Leo Memsahibu wa afya alinichukua nimtafsirie, kwa kuwa nimemaliza shule juzi na Kiingereza bado hakijanitoka. Tulikwenda kupima chakula kwa bibi yangu. Nyumba ikionekana inakula vibaya, watoto wanapewa maziwa ya kopo. Lakini mke wa baba mdogo amejifungua, na Bibi akafunua chungu cha mzazi kwa fahari: mtori wa ndizi, nyama, siagi.

Memsahibu akapima, akafurahi. "Hapa hawahitaji kitu."

Nilitaka kunyamaza kama kawaida yangu. Kisha nikawaona watoto mlangoni, miguu kama njiti, wanatafuna ndizi tupu. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, kwamba chungu kile watoto hawakigusi.

"Umemwambia nini?" Bibi akauliza kwa Kimeru.

"Kwamba unapika vizuri, Bibi."

"Hilo analiona."

Memsahibu akatoa kopo la maziwa ya watoto. Nilijiona shujaa mpaka nilipogeuka njiani: Bibi amekwisha kulifungua, anamkorogea mzazi.

Memsahibu nimemweza. Bibi, sasa, nani atamwambia?